Vipimo vya mteja na mti mbichi: vigoda 24, miiko 60 na vinu 4

Swali: "Nina karakana ndogo Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Nafanya kazi na vijana watatu, mmoja ana miaka 15. Hoteli moja ya Kampala imeniagiza vigoda 24 vya kimo cha sm 42 na upana wa sm 32, miiko 60 ya kusongea posho (ugali) yenye urefu wa sm 45, na vinu 4. Wanataka vipimo visipishane zaidi ya nusu sentimita, na mzigo wote uwe umefika ndani ya miezi miwili. Mti nitakaopata ni mbichi. Mwaka jana vigoda nilivyochonga kwa gogo zima vilipasuka baada ya kufika kwa mteja. Nifanyeje visipasuke tena, na kazi iishe bila mtu kujikata?"

Jibu: Kabla hujagusa shoka, rudi kwa mteja na karatasi. Sentimita 32 alizoandika ni za kigoda kikavu kilichokaa chumbani kwake Kampala, si za mti unaovuja maji mkononi mwako Bweyale. Msipoelewana hapo, unaweza kuchonga kwa uhodari wote na bado ukarudishiwa mzigo. Muulize vigoda vitakaa wapi, barazani au kwenye chumba chenye kiyoyozi. Miiko itaingia sufuriani au itatundikwa ukutani? Vinu ni vya kutwangia au ni pambo? Andikeni kwamba vipimo vitachukuliwa siku ya kukabidhi, mti ukiwa mkavu, na kwamba tofauti inayokubalika ni mm 5 kwa upana na mm 3 kwa kimo. Andikeni pia ufa gani unavumilika, maana mti ni mti: kwa mfano ufa wa ukingoni usiozidi upana wa mm 1 na urefu wa mm 30. Kisha tengeneza kigoda kimoja cha mfano, akikalie mwenyewe, atie sahihi yake chini ya kikalio. Hicho baki nacho karakanani mpaka malipo ya mwisho.

Swali la kiyoyozi si la adabu tu. Mti hunywa na kutoa unyevu kufuata hewa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huuacha mti kwenye unyevu wa asilimia 12 hivi. Hewa ya asilimia 80 huuacha kwenye 16. Chumba ambacho kiyoyozi kimekausha hewa mpaka asilimia 40 huushusha karibu na 8. Kigoda kinachotulia vizuri barazani kinaweza kuendelea kupungua kikihamishiwa ndani.

Sasa vigoda vya mwaka jana. Vilipasuka kwa sababu vilibeba moyo wa gogo, kile kiini chembamba cha katikati kabisa, pamoja na pete zote zinazokizunguka. Mti haupungui sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi haupungui kiasi cha kukusumbua. Kutoka moyoni kuelekea gome, miti mingi ya majani mapana hupungua asilimia 3 hadi 5. Kuzunguka pete hupungua asilimia 6 hadi 10, karibu mara mbili. Tuchukue 4 na 8 kama namba za kufanyia kazi. Hizo ni za safari nzima, kutoka ubichi mpaka ukavu wa oveni. Mti huanza kupungua ukishuka chini ya unyevu wa asilimia 30 hivi. Juu ya hapo yanatoka maji tu na kipimo hakibadiliki, ndiyo maana wiki za mwanzo hudanganya. Kikitulia kwenye asilimia 12, kigoda kimepita sehemu 6 kati ya 10 za safari hiyo: asilimia 2.4 kuelekea gome na 4.8 kuzunguka.

Piga hesabu kwenye gogo zima la sm 32. Mzunguko wake ni kama mita moja. Pete zinataka mzunguko upungue sm 4.8, lakini kipenyo kimepungua kiasi cha kuruhusu sm 2.4 peke yake. Zile sm 2.4 nyingine lazima zitoke mahali, nazo hutoka kama ufa mmoja mpana au nyufa kadhaa nyembamba. Hakuna mafuta, rangi wala dawa itakayozuia hilo. Kinachozuia ni kupasua gogo katikati na kuutupa moyo.

Kigoda cha gogo moja bado kinawezekana, lakini angalia ukubwa wa mti unaohitajika. Ili duara la sm 35 (32 pamoja na nafasi ya kupungua na kusawazisha) likae ndani ya nusu gogo bila moyo na bila gome, gogo liwe na kipenyo cha sm 80 hivi. Kwa vigoda 24 huo ni msitu. Kwa agizo lako tunashauri kikalio cha ubao uliopasuliwa na miguu ya kuchomeka, isipokuwa mteja amesisitiza gogo moja kwa maandishi, na bei ifuate.

Mti upate kwa njia halali. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 ndiyo inayoongoza, na ofisa misitu wa wilaya ndiye wa kumwona kabla ya kuangusha na kabla ya kupakia magogo barabarani, hata kama mti umesimama shambani mwa jirani na mmeshapatana bei. Mti wa shea na ule Waacholi wanaouita beyo (afzelia) usiuguse kabisa. Kwa miguu na vikalio, musambya ni chaguo zuri: hupasuka kwa kunyooka na mchwa hawaupendi. Mfenesi hufaa kwa vikalio. Utomvu wake hunata: paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni. Mwembe unapatikana kwa wingi huko kwenu, lakini utomvu na gome lake huwatoa watu wengine malengelenge, kwa hiyo mikono mirefu na kunawa mara kwa mara. Grevilea nayo huwasha ngozi za baadhi ya watu. Vumbi la muvule na mugavu hushambulia pua na kifua. Ukichonga ubichi vumbi ni kidogo, hatari inakuja siku ya msasa.

Vikalio vinahitaji magogo ya kipenyo cha sm 45, yakatwe vipande vya sm 45. Kila kipande kinatoa vikalio 2, kimoja kila nusu. Vipande 12 ni mita 5.4, lakini ongeza vya fundo na vya kuharibika ufike mita 6.5. Kwa miguu tafuta magogo ya sm 25 hadi 30 yaliyonyooka, yasiyo na fundo, ambayo mistari ya gome lake haizunguki kama kamba iliyosokotwa. Gome likizunguka, nyuzi za ndani zinazunguka pia, na mguu utapinda tu.

Siku hiyohiyo ya kukata, paka ncha zote za magogo nta ya mshumaa iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta, mara mbili. Maji hutoka nchani haraka mara nyingi kuliko ubavuni, na nyufa za nchani huingia ndani kila saa unayochelewa. Kiryandongo kuanzia Desemba mpaka Machi upepo ni mkavu. Gogo lililolala juani mchana mmoja bila nta linaweza kukupotezea sm 5 kila upande. Kwa huyo kijana wa miaka 15, kupaka nta, kupima na kuandika namba ndiyo kazi yake. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, kwa hiyo shoka, tezo na msumeno wa injini si vyake.

Kupasua ni bora kuliko kupasulisha kwa msumeno, kwa sababu ufa hufuata nyuzi na mguu unaotoka una nyuzi zinazokwenda kutoka juu mpaka chini bila kukatwa. Mguu wa msumeno ambao nyuzi zake zinatokea ubavuni huvunjika siku mtu mzito akiegemea. Tumia kabari 2 au 3 za chuma na nyundo ya kilo 4. Kabari ambayo kichwa chake kimefumuka kama uyoga isagwe kwanza, maana vile vipande vya ukingoni huruka kama risasi. Miwani ya kinga ivaliwe na anayepiga na anayeshika. Wengine wote wasimame mita 3 mbali. Kabari ikishasimama yenyewe hakuna haja ya mkono wa mtu pale.

Kila nusu gogo, chonga uondoe sm 3 za upande wa katikati, moyo wote utoke. Kisha toa ubao wa unene wa mm 60, wenye upana wa sm 34 au 35 mti safi, bila ule mweupe wa chini ya gome. Mweupe huo ndio wenye wanga ambao wadudu watoboaji wanaufuata. Mteja ataona unga mweupe sakafuni miezi kadhaa baadaye na atakulaumu wewe. Upande uliokuwa karibu na gome uwe juu ya kikalio. Mbao ikikauka, pete hujaribu kunyooka, na upande wa gome unakuwa bonde dogo. Bonde hilo likiwa juu, mtu anakaa vizuri. Likiwa chini, kigoda kina mgongo.

Sasa mizani. Bila mizani unakisia, na mteja wako hajakuagiza kwa kukisia. Nunua mizani ya jikoni ya gramu na ya kuning'iniza ya kilo. Kata kipande kidogo cha unene wa mm 25 kutoka ndani ya gogo, si nchani, kipime, kisha kikauke kwenye oveni ya mikate kwa nyuzijoto 103 za Selsiasi hivi mpaka uzito usibadilike. Tuseme kilikuwa gramu 412 na kimebaki 250. Maji ni 162. Gawa kwa 250, unapata unyevu wa asilimia 65. Ubao wa kikalio kutoka gogo hilo ukiwa na kilo 5.8, uzito wake mkavu kabisa ni 5.8 gawa kwa 1.65, yaani kilo 3.5. Ukitaka ufike unyevu wa asilimia 20, subiri mizani isome kilo 4.2. Andika namba ya kila ubao kwa penseli na uzito wake kila siku ya tatu kwenye daftari.

Mbao zikauke kivulini, zikipangwa na vijiti vya sm 2 katikati, ncha zikiwa na nta. Wiki ya kwanza zifunike kwa magunia. Kama huko nje ni kiangazi, ziweke kwenye mifuko ya karatasi ya saruji pamoja na chembechembe za randa, na ubadilishe chembechembe zikipata ukungu. Ukungu usikwanguliwe mkavu. Ufute kwa kitambaa chenye maji kwanza, usiuvute kifuani. Ubao unaopoteza uzito haraka sana siku za mwanzo ndio unaopasuka, kwa hiyo ukiona mmoja umewaacha wenzake, urudishe mfukoni.

Tunakuja kwenye jambo ambalo hoteli haijaliuliza, nalo ndilo linaloweza kumvunja mgeni nyonga. Vigoda vyetu vya miguu mitatu ni vifupi, na ufupi huo una sababu yake. Miguu mitatu haiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo, lakini kigoda huanguka uzito ukivuka mstari unaounganisha nyayo mbili. Kwa kimo cha sm 42, matundu yakiwa mm 110 kutoka katikati na miguu imetanuka digrii 15, nyayo zinakuwa mm 222 kutoka katikati. Kwa miguu mitatu, mstari wa kuangukia uko mm 111 tu kutoka katikati, na ukingo wa kikalio uko mm 160. Mtu akikalia ukingo kati ya miguu miwili, yuko mm 49 nje. Kwa miguu minne mstari huo unasogea mpaka mm 157, karibu sawa na ukingo. Kwa kimo hiki na sakafu ya vigae, toa miguu minne. Hoteli ikishikilia mitatu kwa ajili ya sura ya asili, mshauri ashushe kimo mpaka sm 28, ili hata mtu akipinduka asianguke kutoka juu, au kikalio kipungue.

Miguu basi ni 96, pasua 110. Kila kipande cha gogo cha urefu wa sm 50 kipasue nusu, robo, sehemu ya nane, kisha tena, upate vijiti vya mraba wa mm 50 visivyo na moyo. Vichonge kwa shoka, kisha kwa kisu cha mikono miwili, viwe mviringo wa mm 44 vikiwa bado vibichi, na uviache wazi kivulini. Vyembamba hivi vinakauka bila matata. Vikishakauka vinakuwa na umbo la yai kidogo. Ndipo unavipunguza mpaka mm 40. Kabla ya kuunganisha, chimbia ulimi, yaani ncha itakayoingia tunduni, kwenye sufuria ya mchanga moto juu ya sigiri kwa saa kadhaa. Mchanga usiwe wa kuunguza: mti ukibadilika rangi umezidisha. Pima uzito wa miguu michache. Ukiacha kushuka kati ya saa moja na inayofuata, ulimi uko tayari. Uchonge wakati huo huo, kabla haujanywa tena unyevu wa hewa.

Hapa ndipo siri ya mti mbichi inapokuwa msaada badala ya adui. Ulimi uko kwenye asilimia 8 au chini, kikalio kiko kwenye 20. Vikikaa pamoja, ulimi unavimba kidogo na tundu linaendelea kubana, na kiungo kinajikaza chenyewe. Ukifanya kinyume, mguu mbichi kwenye kikalio kikavu, utaachia ndani ya mwezi hata ukiweka gundi gani.

Toboa matundu ya kipenyo cha mm 25, ukianzia juu, ukibana kipande cha mti chini ili upande wa kutokea usimeguke. Ongoza mkono kwa kipande cha ubao kilichokatwa digrii 15, kisimame kwenye mstari unaotoka katikati ya kikalio kupitia tundu. Usiyapange matundu mawili kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Ukichora mraba ambao pembe zake ziko digrii 45 na nyuzi, matundu mawili yataangukia unyuzi mmoja, na kabari zikiingia unapasua ubao. Zungusha mraba huo digrii 20 na kila tundu linapata unyuzi wake. Ulimi uupime kwanza kwenye tundu la majaribio la mm 25 lililotobolewa katika mti mkavu mgumu, ukipaka ndani unga wa penseli. Panapong'aa weusi ndipo pa kukwangua. Uingie kwa nyundo ya mti, si kwa mkono.

Ulimi uwe na mfereji wa msumeno wa kina cha mm 30 kwa ajili ya kabari. Kabari isimame kukatisha nyuzi za kikalio, yaani ikisukuma isukume kwa urefu wa nyuzi. Ukiiweka sambamba na nyuzi umejipasulia kazi ya mwezi mzima kwa nyundo moja. Kabari ya mti mkavu mgumu, unene wa mm 5 kichwani, inatosha. Sauti ya nyundo ikibadilika kutoka nzito kuwa kali, acha.

Urefu wa mguu, kwa mtanuko wa digrii 15, ni 420 gawa kwa 0.966, yaani mm 435 kutoka sakafuni mpaka juu ya kikalio. Kata mm 465, sehemu ya juu itapunguzwa na ya chini itasawazishwa. Kikalio nacho usikikate duara la mwisho siku ya kuunganisha. Kutoka asilimia 20 mpaka 12 bado kina asilimia 2 hivi ya kupungua kukatisha nyuzi na karibu sifuri kwa urefu wake. Ukikikata mm 320 sawasawa leo, baada ya wiki chache kitakuwa 320 kwa 313, na mteja mwenye tepu ataliona yai hilo mara moja. Kiache na ziada ya mm 10, kisubiri mpaka mizani itulie, ndipo uchore duara kwa bikari na ukate. Miguu isawazishwe siku hiyo pia, kigoda kikiwa juu ya kioo kinene au kigae kilicholala sawa: tia vijikaratasi chini ya miguu mpaka kikalio kilale sawa, kisha zungusha penseli juu ya kibao cha unene mmoja kuzunguka kila mguu, ukate hapo. Kila kigoda kibebe mifuko 3 ya saruji, kilo 150, kwa saa moja kabla hakijaondoka, halafu kagua viungo vyote.

Kuhusu kujikata. Gogo la kuchongea liwe la kimo cha nyonga na lisitikisike. Anayechonga kwa shoka asimame gogo likiwa kati ya shoka na miguu yake, mkono ushike juu ya kazi na shoka ifanye kazi chini ya mkono tu. Sehemu ya chini ikiisha, geuza. Hakuna anayepita ndani ya mita 2. Tezo ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu mafundi wengi hukanyaga kazi kwa mguu wakaitupa tezo kuelekea mguu huohuo. Piga vigingi 4 kwenye gogo pana, uweke kikalio katikati na ukibane kwa kabari, miguu yako ibaki pembeni. Kandambili marufuku. Vaa viatu vya ngozi vyenye chuma mbele, na gambuti si mbadala. Kwa kisu, blade isielekee mwilini isipokuwa viwiko vimebana mbavuni, kwani hapo mkono hauwezi kufika mbali. Glavu ya ngozi ni ya mkono unaoshika kazi. Kwenye mashine ya kutobolea glavu hazivaliwi kabisa.

Mpini wa shoka uliolegea usitoswe kwenye maji. Huvimba kwa siku moja, nyuzi zake zinabanwa na kupondeka ndani ya chuma, na ukikauka unalegea zaidi ya mwanzo. Piga kabari mpya au badilisha mpini. Noa kila nusu saa kwa jiwe, kwa sababu makali butu ndiyo yanayodai nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Mti mbichi una utelezi. Kitambaa kikavu kiwe mfukoni. Msumeno wa injini mwachie mtu aliyefunzwa mwenye kofia, suruali ya kinga na kinga ya masikio. Karakanani pawe na kitambaa safi cha pamba na bendeji: jeraha likitoka damu nyingi, bonyeza moja kwa moja bila kuachia huku mnampeleka hospitali ya Kiryandongo, na aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Miiko haina shida ya kukauka, ina shida ya mti. Inaingia kwenye chakula, kwa hiyo chagua mpera au musambya. Usikate mwiko, wala kijiti cha kuchomea nyama, kwenye maua ya uani ambayo hujui jina lake. Oleanda na ndugu yake wa maua ya manjano wana sumu ya moyo, na miti ya mnyaa ina maziwa yanayoweza kupofusha jicho. Pasua vipande vya sm 48 kwa 8 kwa 4, chonga sura kwa shoka, kisha vichemshe saa moja kwenye sufuria ya alumini. Huko kuchemsha kunaua wadudu na kutoa wanga. Sufuria ya chuma au kisu chenye kutu kikilala juu ya mti mbichi huacha madoa ya bluu-nyeusi. Maji ya ndimu huyapunguza. Vikauke kivulini wiki 2, umalize ubapa kwa unene wa mm 10. Mafuta ya kupikia ya kawaida hayakauki juu ya mti, yanabaki yananata na kuchacha. Mafuta ya kitani mabichi, yasiyo yale yaliyochanganywa ya duka la rangi, yapakwe kidogo, yafutwe na yaachwe wiki kadhaa yakauke. Au nta ya nyuki peke yake. Kiwi ya viatu na oili chafu ya injini, ambazo zinatumika sana kwenye vinyago, zisifike karibu na mwiko wala kinu, na kwenye kigoda zitachafua nguo za wageni.

Vinu ndivyo vitakavyovunja ahadi ya miezi miwili, na mwambie mteja leo. Kinu hutoka kwenye gogo zima, kwa hiyo moyo upo. Kuchimba tumbo mapema, ndani ya siku 2 au 3 baada ya kukata, kunaondoa moyo sehemu yote ya juu na kuacha ukuta unaoweza kupungua kwa uhuru: acha ukuta wa sm 6 na kitako cha sm 15. Ufa unaobaki ni wa kitako. Toboa kutoka chini, katikati kabisa, tundu la mm 30 lenye kina cha sm 6, ili mti uwe na mahali pa kujifungia. Ukishakauka, lizibe kwa kipande cha mti mkavu. Paka nta kitako chote na mdomo, jaza tumbo chembechembe za randa, na ukiweke mahali pasipo upepo. Kinapimwa mara moja kwa wiki. Tarajia miezi 4 au zaidi, na kinu kinachopoteza gramu chache tu kwa wiki mbili mfululizo ndicho kiko tayari kumalizwa ndani. Panga mkataba wa mizigo miwili: miiko na vigoda mwisho wa wiki ya nane, vinu vikifuata vikishatulia kwenye mizani, na malipo ya vinu yabaki mpaka siku hiyo.